Mtani Hawezi Kuwa Mkwe

Buguruni, Dar es Salaam
4 Juni 1995

Kwako Mama Machibya,

Mwangaluka, mama. Naamini u mzima, Machibya mzima, ng'ombe wazima, na yule ndama wa kahawia ameacha kuharisha. Mimi ukiniuliza ni mzima kupita wote niliowakuta huku. Watu wa Dar es Salaam wamekonda, wanatembea mbio kama wameingiliwa na siafu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Pudensiana alitaka anishikie kalamu nikamwambia, ng'wanone, mtoto wangu, baba yako alikuwa wa pili kwenye kisomo cha watu wazima Mwamkulu nzima, na yule wa kwanza alikuwa anachungulia. Basi nikikosea herufi usicheke, soma tu.

Safari ilikuwa nzuri. Kutoka Mpanda mpaka Tabora nilikaa dirishani. Kutoka Tabora mpaka Dodoma niliwasimulia behewa zima habari ya yule simba niliyemfukuza kwa fimbo kule Katumba, wakanipa karanga na maji. Mama mmoja alishuka Morogoro analia kwa kuwa hajasikia mwisho wake.

Sasa jambo lililonileta. Nilimpa Abednego wa Kibaoni neno langu kwamba Pudensiana ataolewa na Silvesta wake mavuno yakiisha, na unajua neno la Nkwabi halirudi nyuma. Nimefika nikamwambia binti yako afunge mizigo. Akasema, "Baba, kula kwanza." Nikala. Nikamwambia tena. Akasema yupo mtu anaitwa Gervas, wanataka kuoana.

Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anachora picha.

"Sawa, na akishamaliza kuchora?"

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe, baba."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa ya wiki ijayo, jioni, picha za huyo mtu zitatundikwa kwenye jumba kubwa la picha huku mjini, watu waje watazame. Binti yako ananiomba jambo moja tu, niende nione kabla sijakataa. Nimekubali. Nitavaa lile koti langu jeusi la sufu, wajue nani ameingia. Nikishaona nitakataa vizuri, halafu nitapanda treni na binti yako.

Salamu kwa wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Mume wako,
Baba Machibya


Mwamkulu, Mpanda
13 Juni 1995

Kwa Baba Machibya,

Salamu nyingi sana kutoka nyumbani. Sisi wazima. Ndama amepona tangu wiki uliyoondoka, nadhani alikuwa anaumwa kelele zako. Mpunga tumeanika, Machibya amepeleka magunia Kashaulili sokoni na umenunuliwa. Barua yako nimeisoma yote. Mistari inapanda inashuka, imebidi niinamishe shingo.

Unasema neno lako halirudi nyuma. Nakuuliza mimi mke wako, hilo neno ulimshirikisha nani kabla halijaenda mbele? Ulilitoa Kibaoni kwenye pombe, mimi nikaja kulisikia mashineni kwa wanawake wanaosaga. Mtoto ulipomwambia hapa nyumbani, kabla hajarudi Dar es Salaam, alikujibu hapana, na wewe ukajifanya unaita mbwa.

Abednego amekuja hapa mara mbili. Nilimchinjia kuku, akala, lakini macho yake yalikuwa mlangoni kama vile binti atatokea saa hiyo hiyo. Ni mtu mzuri na Silvesta ni kijana mzuri, mimi sina ubaya nao. Ubaya wangu ni mmoja. Nina binti mmoja. Ukimleta kwa kumburuta atarudi na treni ileile iliyomleta, na safari hiyo hatatuandikia tena. Hapo wewe utabaki na neno lako, mimi nitabaki na nini?

Basi nenda kwenye hilo jumba. Picha achana nazo, mtazame mtu. Ni wa wapi? Watu wake ni akina nani? Akiongea na mtu mzima anaangalia chini? Niandikie yote, usiruke kitu, na simba usimtie humo.

Mimi mke wako,
Mama Machibya


Buguruni, Dar es Salaam
21 Juni 1995

Kwako Mama Machibya,

Mama, hujambo? Watoto hawajambo? Mimi sijambo, mbavu tu zinaniuma, na zinaniuma kwa kucheka. Barua yako imenikuta nimeshakwenda na kurudi. Sasa kaa chini.

Tulifika jioni jua linazama. Jumba ni kubwa kuliko kanisa la Mpanda, na ndani kimya kuliko kanisani. Taa wameziweka juu, kila moja inamulika picha yake. Watu wanatembea polepole, wamefunga mikono nyuma kama mabwana shamba, wanasimama mbele ya ukuta, wanatikisa kichwa, wanasogea. Wanapitisha nyama kwenye sinia, vipande vidogo vimechomwa kijiti. Nilichukua vijiti vingi, maana kimoja hakishibishi hata kuku. Pudensiana akaninong'oneza, "Baba, chukua kimoja uache." Nikamwambia wakitaka mtu achukue kimoja wasipitishe sinia.

Picha ya kwanza ilikuwa mistari tu, myekundu na myeusi. Palikuwa na bwana mmoja wa miwani, nikamuuliza hii ni nini. Akasema, "Mzee, usiulize ni nini. Ukiitazama unasikia nini ndani yako?" Nikamjibu nasikia njaa. Akaandika kwenye karatasi.

Basi tukaenda, tukaenda, mpaka ukuta wa mwisho. Pale watu wamejaa wanacheka. Nikapenya. Mama, nilichokiona pale nilitaka kugeuka nirudi Mpanda kwa miguu.

Ni picha ya mzee wa Kisukuma. Ameshuka treni sasa hivi, ana koti jeusi la sufu, kuku yuko kwapani, godoro kichwani. Amesimama katikati ya barabara pale kwenye ile sanamu ya askari ya mjini. Ameinama kwa adabu zote na ameinyooshea sanamu mkono, anaiamkia. Magari yamejipanga nyuma yake yanamsubiri amalize. Chini yake wameandika MSUKUMA AMEFIKA.

Watu wakaitazama picha, wakanitazama mimi. Wakaitazama tena picha. Koti ni lilelile! Mtoto mmoja wa Kihindi akaniuliza kuku yuko wapi.

Damu ikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Nani amechora hii?" Nikamwona Pudensiana amejifunika uso kwa mtandio.

"Baba, ni Gervas."

"Gervas huyuhuyu?"

"Ndiyo, baba. Hakukuchora wewe. Alikuwa hajakuona."

"Ni mtu wa wapi?"

Akavuta mtandio zaidi. Nikamuuliza tena. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Wa Kisarawe. Ni Mzaramo, baba. Mzaramo wa kubatizwa, kwenye misheni ya Pugu."

Mama Machibya! Mzaramo! Hasira zote zikaniisha palepale, zikatoka kama maji kwenye debe lililotoboka. Tangu babu zetu walipokuwa wanashuka na mizigo mpaka pwani, Mzaramo ni mtani wetu, akinitukana hana kosa na mimi nikimnyang'anya sina kosa. Mtoto wa watu alikuwa ananitania, na alikuwa hajaniona hata sura! Nilicheka, taa zikataka kudondoka. Halafu nikafanya kama sheria inavyosema. Nikanyoosha mikono nikaitoa ile picha ukutani, nikaitia kwapani, nikaanza kuondoka.

Weee! Mlinzi mmoja wa kofia akaja mbio akanishika koti.

"Mzee, rudisha! Unaiba!"

"Siibi. Hii ni mali ya mtani wangu."

"Hapa hakuna mtani, hapa ni jumba la picha!"

"Wewe kabila gani?"

"Mimi ni mlinzi!"

Huyo nikaona hana msaada. Akavuta, nikavuta. Unajua mimi nikishika kitu. Mzungu mmoja mama akapiga makofi, alidhani ni mchezo tumepangiwa. Akaja mwenye jumba, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, anasema tafadhali mzee, tafadhali mzee. Na hapo ndipo Gervas akatokea.

Ni mrefu, mweusi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Kumbe binti yako alikuwa amemfundisha wiki mbili nzima. Aangalie chini, asiongee mpaka aulizwe, apige goti. Basi akapiga goti palepale kwenye sakafu ya kung'aa, macho chini, jasho linamtoka. Pudensiana anamtazama kama mtu anayeangalia yai linaviringika mezani.

Nikamwambia, "Mzaramo, umepiga goti au umechoka? Maana nyie hata kusimama ni kibarua."

Nikaona mdomo wake unacheza.

Nikamwambia, "Kwenu mtu akifanya kazi siku moja mnampigia ngoma wiki nzima."

Akajizuia. Mishipa ya shingo ikamtoka. Halafu akainua kichwa, mama, akanitazama usoni, akasema, "Msukuma, shusha hiyo picha. Siyo sinia, haibebi ugali."

Jumba zima likalipuka. Nikamwambia nyie mmezaliwa mjini lakini mji wameujenga wengine nyie mkiwa mmelala. Akasema na nyie treni ikichelewa mnashuka mnaisukuma. Nikamwambia hivi. Akaniambia vile. Watu wakaacha picha zote wakatuzunguka, mwenye jumba akaagiza tuletewe viti, na yule bwana wa miwani anaandika mpaka karatasi imemwishia. Mlinzi naye akakaa chini. Nikasema picha siirudishi mpaka ikombolewe. Gervas akavua viatu vyake vinavyong'aa, akanipa. Nikarudisha picha ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Yeye alikwenda kwao pekupeku. Viatu vinanibana lakini ninavaa.

Njiani binti yako alikuwa ananishika mkono, anaruka kama mwanambuzi. Akaniuliza, "Sasa baba, unasemaje?"

Nikamwambia, "Nimekataa."

Usishtuke, nisikilize. Toka siku ile huyu kijana anakuja hapa kila jioni. Ananitukana, namtukana, tunakula. Miaka mingi sijapata mtu wa kuongea naye namna hii. Kwetu kila mtu ananiogopa, nikisema jambo wanasema ndiyo mzee. Sasa akioa binti yangu si atakuwa mkwe? Mkwe hamtanii baba mkwe. Itabidi anione barabarani akae pembeni, itabidi aseme ndiyo baba, na mimi itabidi ninyooshe uso. Mtani hawezi kuwa mkwe. Nikimpa mke nampoteza mtu.

Kwa hiyo nimekataa, na neno langu kwa Abednego limesimama, yote yamekaa sawa. Ila Pudensiana haongei na mimi. Anapakua chakula, anaweka mezani, anakaa anatazama ukuta. Nimemweleza sababu mara nyingi. Niandikie wewe umweleze, labda hanielewi kwa kuwa nimezidi kuongea kwa akili.

Mume wako,
Baba Machibya


Mwamkulu, Mpanda
2 Julai 1995

Kwa Baba Machibya,

Salamu. Tu wazima, tunashukuru.

Barua yako nimeisomea juu ya magunia ya mpunga. Nimecheka mpaka nikateleza nikashuka chini, na nilipofika chini nikaacha kucheka. Nimeelewa sasa. Umepata mtu wa kukuchangamsha, basi unamnyima mtoto wetu mume ili wewe usikose mchezo wa jioni. Nkwabi! Binti yangu atazeeka anatazama ukuta ili wewe upate wa kutukanana naye?

Sasa nisikilize na mimi, maana umeongea karatasi nne.

Wewe unajua ng'ombe, mambo ya wakwe huyajui. Kwetu mkwe anamwogopa nani? Ni mama mkwe. Ni mimi ambaye akiniona njiani ataingia porini. Ni mimi ambaye hatanitaja jina, hatakula mbele yangu, hataketi kwenye mkeka wangu. Marehemu baba yangu wewe ulimkimbia lini? Mlikuwa mnagombania ugoro. Aliyekukimbiza ni mama yangu. Siku moja uliingia kwenye zizi la mbuzi ukajificha mpaka akapita, mimi niliona.

Basi huyo kijana mkwe wangu, nimemchukua mimi. Heshima yote atanilipa mimi, na nitaidai nyingi, magoti mpaka yaote sugu. Wewe baki na mtani wako kule zizini mtukanane mpaka ng'ombe wakimbie. Mkija mlangoni kwangu, anakuwa wangu. Nimeamua. Kama una sababu nyingine ya kukataa niandikie, na kama huna, mwambie Pudensiana leo hii, kabla hujamaliza kukunja karatasi.

La Abednego nimelianza mimi. Nilipanda lori la mahindi nikaenda Kibaoni, nikamweleza yote kabla hajayasikia kwa wasafiri. Alitazama mpunga wake uani. Halafu akasema, "Shemeji, wewe nakushukuru, na wewe sina neno. Lakini aliyenipa neno ni Nkwabi. Nkwabi aje alichukue kwa mdomo wake." Kisha akaingia ndani. Silvesta ndiye aliyenisindikiza mpaka kwenye lori, hakusema kitu kibaya.

Ninajua wewe ni rahisi kumfuata simba kuliko kumwambia mtu umekosa. Lakini nakuambia, ukishuka Mpanda usinijie Mwamkulu. Pitiliza Kibaoni kwanza. Ukija kwangu na neno la watu mdomoni sitakufungulia.

Msalimie mwanangu. Mwambie mama yake amesema ndiyo.

Mimi mke wako,
Mama Machibya


Kibaoni, Mpimbwe
27 Julai 1995

Kwako Mama Machibya,

Hujambo mama? Mimi ni mzima, mgongo tu.

Barua yako ilinikuta Dar es Salaam. Niliisoma nikaitia mfukoni. Sikumwambia mtu, si kwa sababu umenishinda, bali nilikuwa nalitafakari. Nilimwambia Pudensiana tu kwamba nimefikiri mwenyewe nimeona Gervas amuoe, na twende wote nyumbani. Akanirukia shingoni, chai ikamwagika. Lakini mtoto wako ana msimamo, sijui kautoa wapi. Akamwambia Gervas, "Sasa ni baba mkwe, utani basi."

Mama, safari ile! Kutoka Dar mpaka Tabora kijana amekaa mbele yangu macho chini. Nikamwambia Wazaramo wanaogopa treni, akasema ndiyo baba. Nikamwambia Wazaramo hawana mifupa, akasema ndiyo baba. Nilidhani nasafiri na maiti. Habari za simba nilizisimulia bila raha. Tulipofika Tabora, tukingoja behewa la Mpanda, nikaona nitakufa na kiburi changu, nikaitoa barua yako nikawasomea wote wawili. Yale ya zizi la mbuzi nikayaruka.

Gervas alisikiliza mpaka mwisho. Akamtazama Pudensiana, Pudensiana akacheka. Basi akanigeukia akasema, "Msukuma, barua umeikalia toka Dar es Salaam, ulidhani itaangua vifaranga?"

Niliimba kutoka Tabora mpaka Mpanda.

Sasa la hapa. Tulifika Kibaoni, Abednego yuko uani, mpunga umerundikwa haujapurwa. Hakunipa kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu kwenye lori. Nikaanza na hali ya mvua, nikaja kwenye wasichana wa siku hizi, nikazunguka Dar es Salaam, nikawa nakaribia habari ya simba. Abednego ananitazama tu. Gervas akaja nyuma yangu akaninong'oneza, "Mzee, unapiga kona hata barabara imechoka. Sema ulikosea, jua linatuchoma."

Hapo nikajua kwa nini Mungu aliweka watani. Mtu mwingine angeniambia vile ningempiga fimbo. Machibya angesema ndiyo baba, na mimi ningekuwa naongea mpaka leo. Nikasema, "Abednego, nilikupa kitu ambacho hakikuwa changu. Nilikosea. Nimekuja kukichukua." Yalikuwa maneno machache, na yalikuwa mazito kuliko gunia.

Abednego akafuta jasho usoni. Halafu akaingia ndani, akatoka na fimbo mbili za kupuria mpunga. Akanipa moja mimi, moja Gervas. Akasema, "Neno nimelirudisha. Huu mpunga ulikuwa upurwe na wakwe zangu. Sasa nyie ndio mmeniharibia, pureni nyie." Silvesta alicheka mpaka akakaa chini, na yule ndiye niliyemwogopa. Amempa Gervas mkono na akamwazima kofia.

Basi tunapura. Ndiyo maana tumekawia. Gervas ana malengelenge mikono yote, anaupiga mpunga kama anabembeleza mtoto alale. Nimemwambia kwa mkono huo atachora nini tena. Ameniambia atanichora mimi ninavyoonekana toka nyuma nikiinama. Abednego anatuletea togwa, anakaa karibu anasikiliza, na jana naye aliingilia, eti Wasukuma wote tuna midomo ya ng'ombe. Nikamwambia wewe si mtani wangu, ngoja zamu yako.

Barua hii sikuipa posta. Anayekukabidhi ni Pudensiana mwenyewe, nimemtanguliza na lori la asubuhi kwa sababu najua hata mistari hii huisomi, unamwangalia yeye. Mwangalie. Mimi nitaimaliza taratibu.

Mpunga ukiisha tunakuja. Jifunge khanga zako vizuri ukae mkekani kwa uzito wote wa mama mkwe, ukunje na uso. Na ukisikia huko barabarani wanaume wawili wanatukanana toka mbali, usitume mtu aje kuamua. Ni mimi, nakuletea mkwe wako.

Mume wako,
Baba Machibya